Rafu ya Yaya: maktaba ikitupa kitabu, ni takataka?

Wiki hii barua zenu kwa Yaya, ndugu yenu mkubwa, karibu zote zimekuja na vumbi. Kuna maktaba moja ya shule ya zamani hapa Lubumbashi (jina naliacha) imepunguza rafu zake, Jumamosi wamepanga meza kwenye barza wakauza, vidogo mia tano franga, vikubwa elfu moja, na batu walifika mapema kuliko Misa. Mimi pia nilikuwepo, msinitafute sana kwenye picha, ni yule mwenye mfuko wa raba unaotaka kukatika. Tuanze.

*

Yaya jambo sana. Niko mwanafunzi wa historia, naishi Bel-Air. Ile Jumamosi nimeenda kwenye vitabu, nimefika meza zimejaa, batu banasukumana, sikujua nianzie wapi, nimezunguka nikatoka na vitabu bine vya sarufi ya Kifaransa na ensaiklopedia moja ya 1984, buku la tatu peke yake. Mukubwa wangu ananicheka, anasema nimelipia takataka, juu kama vingekuwa vizuri maktaba isingevitoa. Ni kweli? Wanauza tena Jumamosi ijayo, nichague namna gani?
*Mwanafunzi, Bel-Air*

Mdogo wangu, kwa ensaiklopedia mukubwa wako ana haki, pole. Buku la tatu peke yake la 1984, bila la kwanza wala la pili, na inawezekana humo ndani Burkina Faso bado inaitwa Haute-Volta. Iweke nyuma ya mlango usigonge ukuta, maisha yaendelee.

Lakini sababu aliyotoa siyo, na hapo ndipo batu wengi wanapotea kwenye mauzo kama haya. Maktaba haitoi kitabu juu ni kibaya. Inatoa juu rafu zimejaa. Wakutubi wanaofuata mtindo wa Kifaransa wana hesabu yao ya herufi tano, IOUPI: kitabu chenye habari za uongo, kitabu cha kawaida mno, kitabu kilichochakaa, kitabu kilichopitwa na wakati, kitabu kisichofaa wasomaji wa pale. Kikiangukia moja kinaweza kutoka, na kama miaka inapita hakuna anayekiazima, basi safari imeiva. Sasa angalia vizuri hizo herufi tano. Zote zinaulizia maktaba ile na wasomaji wake. Hakuna hata moja inayouliza kama kitabu hiki kipo kwengine hapa mjini. Hilo swali wamekuachia wewe mnunuzi, na mimi nikisimama mbele ya meza ndilo swali la kwanza: nikikiacha hapa leo, nitakipata wapi tena?

Jaribu uone linavyochuja. Riwaya ya Mfaransa wa karne ya 19, toleo la mfukoni: utaipata kesho, keshokutwa, na kwenye simu bure kabisa, maana mwandishi amekufa zaidi ya miaka 70 na haki zake zimekwisha. Sarufi ya Kifaransa ya sekondari, zimejaa kwa wauzaji wa kando ya barabara. Lakini kile kijitabu chembamba kisicho na picha, karatasi ya kahawia, kimechapwa hapahapa na misheni au na chuo kikuu, labda nakala chache tu, kinaeleza mashamba ya Kasenga au nyimbo za harusi za Wabemba au sheria za mji, hicho hakitachapwa tena na hakuna mtu aliyekiweka kwenye intaneti. Jumamosi batu walikuwa wanavisukuma kando wapate kufikia kamusi zenye jalada gumu. Mimi niliinama.

Na wewe ni wa historia, kwa hiyo nakupa njia ya kujua umri wa kitabu cha hapa hata kama ukurasa wa tarehe umeng'oka. Soma majina. Kikisema kimechapwa Elisabethville, ni cha kabla ya 1966, mwaka mji ulipopewa jina la Lubumbashi. Kikisema Zaire na jimbo la Shaba, ni kati ya 1971 na 1997. Muhuri wa UNAZA (chuo kikuu cha taifa cha Zaire) ni wa 1971 hadi 1981, wakati vyuo vikuu vyote vilikuwa vimeunganishwa kuwa kimoja, kabla UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, haijasimama yenyewe, ingawa chuo hapa kilianza 1956. Vya kutoka nje, tazama ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu: hakuna namba kabisa, mara nyingi ni kabla ya miaka ya 1970; namba ina tarakimu 10, ni kabla ya 2007; ina 13 na inaanza na 978, mara nyingi ni 2007 au baadaye. Na vitabu vya Kifaransa usisome ukurasa wa mbele tu, fungua wa mwisho kabisa, wanaandika pale mwezi na mwaka kilipotoka mashineni.

Halafu mwili wake. Fungua katikati, usifungue kwa nguvu, sikiliza mgongo. Ukilia kama ukuni mkavu, gundi imekufa, kurasa zitaanza kuhama nyumba, lakini kama ni kile kisichopatikana bebe tu, utafunga na uzi. Kurasa kuwa njano sio ugonjwa wa kukiacha, ni karatasi ya mbao yenye asidi, vitabu vingi vya tangu katikati ya karne ya 19 hadi karibu mwisho wa karne ya 20 viko hivyo. Ukikuta kurasa zimeshikana upande wa juu au pembeni, usidhani ni kosa la kiwandani, zamani Wafaransa waliuza vitabu bila kuvikata na msomaji alikata mwenyewe kwa kisu akisoma. Mimi nimepata kimoja Jumamosi, kimekatwa hadi ukurasa wa 48 basi. Huyo padri au mwalimu alichoka hapo, na nikikisoma mwenyewe nimeelewa kwa nini.

Muhuri. Kitabu cha maktaba kina muhuri wa mwenyewe, na kikitolewa rasmi wanaongeza mwengine wa kukifuta au wanapiga mstari juu ya namba ya rafu. Ukiona muhuri wa kwanza peke yake, muulize anayeuza hapohapo, akuandikie hata karatasi ndogo. Kuna batu wanaleta vitabu vya kuibwa wanavichanganya kwenye mauzo ya halali, na sitaki siku moja profesa wako akikute umeshika kitabu cha idara yake.

*

Yaya, habari. Mutoto wangu amenunua kitabu cha katuni, Tintin au Congo, kwa franga elfu moja, jirani anasema ya zamani inauzwa maelfu ya dola huko Ulaya. Nimeifunga kwenye kabati na ufunguo. Nifanye nini sasa?
*Mama wa Kamalondo*

Mama, fungua kabati kwanza, tutazame. Ndani ni ya rangi? Kama ni ya rangi basi sio ile ya maelfu. Hergé, mchoraji wake, aliitoa kwanza kwenye gazeti la watoto la Brussels mwaka 1930 na 1931, kitabu kikatoka 1931, nyeusi na nyeupe, zaidi ya kurasa 100. Ya rangi ilikuja 1946, amefupisha hadi kurasa 62. Kuna sehemu Tintin anaingia darasani kufundisha: kwenye ya kwanza anawaambia watoto weusi atawafundisha nchi yao, Ubelgiji. Mwaka 1946 akabadilisha, anawafundisha kujumlisha. Kwa hiyo ukikuta hesabu ubaoni, una toleo la baadaye, na yamechapwa mengi mno.

Kujua mwaka wa nakala yako geuza jalada la nyuma, wameorodhesha vitabu vingine vya Tintin. Kama orodha inafika Picaros, imechapwa 1976 au zaidi, juu hicho kilitoka 1976. Nina wasiwasi itafika.

Basi mrudishie mutoto asome, lakini kaa naye. Zile sura za batu weusi zilivyochorwa, midomo na lugha ya kuvunjika, asizisome peke yake akiwa na miaka minane akafikiri ndivyo babu zake walivyokuwa. Mwulize anaonaje. Wa dada yangu, nilipomuuliza, akajibu "huyu mzungu anaua wanyama mingi juu ya nini?", ni kweli, ukurasa hadi ukurasa ni maiti za swala.

*

Bwana mwandishi, mimi ni mwalimu Katuba. Nimenunua katoni mbili. Nimefika nyumbani naona harufu ya unyevu, madoa ya kijani kwenye majalada, na kwenye kimoja kuna vitundu vidogo na unga. Bibi anasema katoni zisilale ndani. Mvua inakaribia. Saidia.
*Mwalimu*

Mwalimu, mama ana haki, zilale nje ya vitabu vingine kwanza. Barzani, kwenye kivuli, siyo juani. Najua mkono unataka kuvianika kwenye jua kama muhogo, lakini jua linakausha gundi na kupausha majalada. Simamisha kila kitabu wima, kurasa zimefunguka kidogo kama feni, upepo upite, siku kadhaa, usiku unavirudisha mahali pakavu.

Ukungu usiufute ukiwa mbichi, utaupaka kila mahali na kuusukuma ndani ya karatasi. Subiri ukauke uwe unga, kisha brashi laini, nje, kitambaa puani na mdomoni kweli, sio utani, ule unga unaingia kwenye mapafu na ukiwa na pumu mpe mtu mwingine kazi. Harufu iliyobaki: weka kitabu kwenye katoni iliyofungwa pamoja na kikombe cha bikaboneti (magadi ya kuokea), visigusane, siku chache. Itapungua, haitakwisha yote, mimi nimezoea.

Vitundu na unga ni wadudu. Kigonge kitabu taratibu juu ya karatasi nyeupe, ukiona unga mpya kila siku bado wako kazini. Huko Ulaya kwenye makumbusho wanavifunga kwenye plastiki na kuvigandisha kwenye frija ya baridi kali wiki mbili au zaidi, na inafanya kazi, lakini kwenye mitaa yetu ambako umeme unakuja na kuondoka mimi sikushauri, maana kitabu kikiganda na kuyeyuka mara kwa mara maji yanafanyika ndani. Kama hicho kimoja sio cha maana, kitoe lupangoni, nje ya kiwanja chako, kabla hakijaambukiza katoni zote mbili. Kama ni cha maana, kitenge peke yake kwenye mfuko wa plastiki, ukikague kila wiki.

Rafu isiguse ukuta wa nje, isikae sakafuni, mvua za Desemba zinapanda kupitia ukutani hata kama paa haivuji. Na tafadhali, skochi (utepe wa gundi) usipake kwenye ukurasa uliochanika. Baada ya miaka inakuwa njano, inaondoka, na gundi inabaki imekula maneno.

*

Yaya weye unanunua, unasoma lini? Mimi nina vitabu kumi na moja kutoka Jumamosi, sijamaliza hata kimoja, kila usiku ninafungua kipya. Bibi yangu anasema pesa ya unga wa bukari imelala kwenye rafu. Tuambie ukweli, wiki hii umesoma nini?
*Kijana wa Ruashi*

Swali la haki hilo. Nitajibu siku kwa siku lakini sio zote, maana kuna siku nilisoma bei za mafuta tu.

Jumapili nilikaa na vile vijitabu vyembamba vya hapa, navipanga, nasoma utangulizi peke yake. Kimoja kina ile karatasi ya tarehe za kuazima nyuma, mihuri inashuka vizuri mwaka hadi mwaka, halafu mwisho ni 1988. Miaka yote hiyo tangu pale kimesimama rafuni hakuna aliyekigusa.

Jumatatu hadi Jumatano, riwaya Entre les eaux ya Mudimbe, ya wachapishaji Présence Africaine, 1973. Nilikuwa nimeisoma nikiwa kijana, kwa haraka, ya kufanyia mtihani, na kumbe sikuwa nimeisoma. Padri Pierre Landu, amesoma Roma, anaacha parokia anaingia msituni na waasi wa Kimarksi, na huko nako hawamwamini. Mwandishi ni wa kwetu kabisa, amezaliwa 1941 Likasi wakati ikiitwa Jadotville, amefundisha chuo hapa Lubumbashi, amefariki Marekani mwaka 2025. Wakati wa Mobutu majina ya Kikristo yalipokatazwa yeye aliyekuwa Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka, angalia ujanja huo, herufi V.Y. kwenye jalada hazikutikisika. Nilichopenda safari hii ni baridi ya ile sauti. Landu anajitazama mwenyewe kama anamtazama mgonjwa wa mtu mwingine, hajionei huruma, na ukifika mahali unataka kumshika bega ukamwambia baba kaa chini kunywa maji. Nilichokichoka ni Kilatini. Kuna kurasa nimeruka, sioni haya.

Alhamisi, kitabu cha ufugaji wa kuku cha miaka ya 60. Kizuri kuliko nilivyotegemea. Ijumaa hakuna umeme, hakuna kitu.

Sasa wewe. Kufungua kipya kila usiku sio dhambi, ni kuonja, lakini vitabu kumi na moja vikiwa pembeni ya kitanda vyote vinakuita jina kwa wakati mmoja. Mimi ninaacha viwili tu mahali pa kulala, kimoja kigumu na kimoja chepesi, vingine vyote chumba kingine, mbali. Kitabu nikifika robo yake sina hamu ninampa mtu. Na kwa mama watoto, usimwelezee faida za kusoma, atakucheka. Chagua kimoja kati ya hivyo kumi na moja kinachomhusu yeye, umsomee kwa sauti wakati anapika, mkimaliza bukari atakuuliza mwenyewe iliendelea namna gani. Halafu Jumamosi ijayo mpeleke, abebe pesa yeye.

*

Mwanangu, mimi nimestaafu Gécamines, kampuni ya madini. Kwenye nyumba nina magunia ya magazeti ya Mwana Shaba, nilikuwa ninaziweka tangu nikiwa kijana kazini, pamoja na makaratasi ya mashine ya mutualité yetu (chama cha kusaidiana) na ya timu ya mpira ya kambi. Watoto wanataka chumba. Muuza karanga amesema atachukua zote kwa kilo. Hizi si vitabu, kwa hiyo sijui kama nauliza mahali pake.
*Papa mstaafu*

Papa, shikamoo. Umeuliza mahali penyewe, na nakuomba muuza karanga umwambie arudi mwezi ujao, na mwezi ujao umwambie tena hivyohivyo.

Mwana Shaba ilianza 1957, ni gazeti la Union Minière kwa wafanyakazi wake, na kampuni ilipochukuliwa na serikali likaendelea kwa Gécamines. Wakati ule lilikuwa likisomwa na kufungia sabuni. Ndiyo maana leo ni gumu kupata: kila mtu alikuwa nalo, hakuna aliyeliweka. Picha za watu wanaopewa saa ya kustaafu, habari za ajali kazini, matokeo ya mpira, kambi ipi imepata shule, hizo habari za batu wadogo hazimo kwenye vitabu vikubwa vya historia ya Katanga, vile vya mawaziri na vita. Na makaratasi ya mutualité na ya timu ndiyo kabisa, inawezekana ni wewe peke yako duniani.

Unafikiri nazidisha? Mwaka 1965 kuna watu wa mji huu waliokuwa maboyi na wapishi kwa Wazungu, walikaa wakaandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu hiki cha hapa, tangu wakati wa Leopold wa Pili, namna wao walivyoiona kutoka jikoni. Mwandishi anaitwa André Yav, kazi inajulikana kwa Kiingereza kama The Vocabulary of Elisabethville. Ilikuwa makaratasi ya kupigwa mashine tu, haikuwa na jalada la maana, hakuna duka lililoiuza. Nakala ikafika kwa watafiti, na mwaka 1990 Johannes Fabian akaichapisha yote, Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza, leo wanaisoma vyuo vya dunia nzima na maandishi yake yako bure kwenye intaneti. Kama ile nakala ingefungia karanga, basi. (Na wewe mwanafunzi wa Bel-Air, kama hujaisoma hiyo, acha sarufi zako zote, anza nayo leo usiku.)

Kwa hiyo Papa fanya hivi. Magunia yanapitisha unyevu, hamishia kwenye katoni kavu, panga kwa mwaka, usijali miezi iliyopotea. Pini za chuma na klipu zilizoota kutu zitoe taratibu, zinakula karatasi. Usifunge kwa kamba inayokata pembeni. Kwenye picha, kila unapomjua mtu, andika jina lake kwa penseli kwenye karatasi tofauti, na namba ya gazeti na ukurasa, maana wewe ndiye unayewajua, watoto wako hawawajui. Hiyo kazi mpe mjukuu aandike, wewe ukae useme.

Ukishapanga, peleka katoni moja tu, siyo zote, uonyeshe idara ya historia pale UNILU au Makumbusho ya Taifa hapa mjini, na yeyote atakayezitaka akupe karatasi yenye sahihi inayosema amepokea nini na zitakaa wapi. Asipotaka kuandika, rudi nazo nyumbani. Kuna wanaozunguka siku hizi wanapiga picha za simu halafu karatasi zenyewe hazirudi, wakatalie kwa heshima lakini wakatalie. Na kama baada ya yote hayo watoto bado wanataka chumba, tuma barua hapa, mimi nina kijana mwenye pikipiki.

*

Mmoja wa Kenya (mtaa wetu hapa, siyo nchi), aliyeuliza kama inafaa kuandika jina lake kwenye kitabu cha mitumba: andika, kwa penseli, ukurasa wa kwanza, na tarehe na bei uliyolipa. Yule wa Kampemba aliyemwazima shemeji vitabu tangu mwaka jana, barua yako nimeisoma, lakini hiyo ni ya safu ya mambo ya familia, ukurasa wa pili.